Mtungi wa Mfalme si Risiti ya Kodi

Oktoba 2025, Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ilitangaza kuwa karibu na Mlima wa Hekalu, Yerusalemu, kimepatikana kipande kidogo cha udongo, cha kama sentimita 2.5, chenye maandishi ya Kiakadi, lugha ya ofisi za dola ya Ashuru. Yaliyosomeka ni machache: jambo lililochelewa, siku ya kwanza ya mwezi wa Abu, na cheo cha ofisa wa magari ya vita. Wataalamu walikitafsiri kuwa huenda ni mabaki ya barua ya kuulizia malipo ambayo ufalme wa Yuda ulichelewa kuyapeleka kwa Ashuru. Habari ilisambaa, jina la Hezekia, mfalme wa Yuda mwishoni mwa karne ya 8 KK, likatajwa, na katika mijadala niliyoifuatilia haukupita muda mitungi nayo ikaingizwa: ile mitungi ya Yuda yenye muhuri wa maneno “ya mfalme”. Watu wakahitimisha kwamba kigae kinadai kodi na mitungi ndiyo iliyoibeba kodi yenyewe. Hadithi ikaonekana imekamilika.

Nadhani hitimisho hilo linachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kigae cha mwaka 2025, kama kimesomwa sawasawa, kinahusu mali iliyotoka nje ya Yuda kwenda kwa bwana wa mbali. Mitungi inahusu mali iliyozunguka ndani, kutoka mashambani hadi kwenye maghala na meza za mfalme. Tena kinachosimuliwa na mitungi hii, ukiitazama kwa utulivu, si habari ya mkulima mdogo kunyang’anywa sehemu ya mavuno yake. Inatuonyesha mfalme akiwa mwenye mashamba, mwenye vyombo na mwenye ghala, kabla hata hatujamwona akiwa mtoza kodi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu inabadilisha jibu la swali la zamani sana: dola za mwanzo zilisimama juu ya nini?

Tuanze na chombo chenyewe. Ni kasiki la udongo, tumbo la mviringo, mabega mapana, shingo nyembamba na vishikio vinne, lenye uwezo wa kubeba lita 40 na zaidi. Likijaa, mtu mmoja halibebi mbali; ni mzigo wa punda. Juu ya kishikio, udongo ukiwa bado mbichi, fundi aligonga muhuri wenye herufi nne za Kiebrania cha kale, LMLK, maana yake “ya mfalme” au “kwa mfalme”. Katikati kuna picha, ama mdudu mwenye mabawa manne, ama jua lenye mabawa mawili, na chini yake mara nyingi jina la mahali. Majina hayo ni manne tu: Hebroni, Soko, Zifu, na jingine linaloandikwa kwa herufi MMST ambalo mpaka leo hakuna aliyelipata kwenye ramani. Charles Warren, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliokota vishikio vya namna hii Yerusalemu katika miaka ya 1860. Sasa vinavyojulikana ni zaidi ya 2,000, na zaidi ya 400 kati yake vimetoka Lakishi, mji wa pili kwa ukubwa wa Yuda, uliochomwa na jeshi la Senakeribu wa Ashuru mwaka 701 KK. Majivu ya Lakishi ndiyo yaliyotupa tarehe. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama mitungi hii ni ya karne ya 8 au ya 7, mpaka uchimbaji wa David Ussishkin, ulioanza mwaka 1973, ulipothibitisha kuwa tabaka lililoihifadhi ni lile lililoteketezwa na Senakeribu.

Mwaka 2020 kulitangazwa ugunduzi mwingine mkubwa, eneo la Arnona kusini mwa Yerusalemu, wa vishikio zaidi ya 120 vyenye mihuri ndani na kandokando ya jengo kubwa la mawe. Magazeti mengi yaliliita kituo cha kukusanyia kodi, na jina hilo limeganda. Sikatai kwamba lilikuwa jengo la utawala. Ninachohoji ni neno kodi, kwa sababu linajibu swali ambalo muhuri wenyewe haulijibu.

Hoja ya kodi katika sura yake bora inakwenda hivi. Wafalme wa ukanda ule walitoza. Samweli aliwaonya Waisraeli waliotaka mfalme kwamba atachukua zaka ya mbegu zao na mizabibu yao awape watumishi wake, na onyo la namna hiyo haliandikwi na watu wasioijua hali yenyewe. Kaskazini, katika jumba la wafalme wa Israeli mjini Samaria, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walipata mwaka 1910 vigae zaidi ya 100 vya karne ya 8 KK, vilivyoandikwa kwa wino, vikiorodhesha mitungi ya divai ya zamani na mafuta kutoka vijijini na katika koo mbalimbali. Ikiwa Samaria mitungi ya divai ilipanda kwenda ikulu, kwa nini Yuda isiwe hivyo?

Lakini tazama vigae vya Samaria vinasema nini. Vinataja mwaka wa utawala, mahali, majina ya watu, na bidhaa. Hata hivyo bado kuna mabishano kama ni kumbukumbu za kodi au za mazao ya mashamba waliyopewa wakubwa wa ikulu. Muhuri wa LMLK hautaji mwaka, hautaji kiasi, hautaji kilichomo, wala hautaji mtoaji. Kodi isiyoandika jina la aliyelipa inamsaidia nani? Anayetoza anataka kujua nani ametoa na nani anadaiwa, na anayetoa anataka ushahidi kwamba ametoa. Misri nayo inatuonyesha lebo ya kilichomo huonekanaje. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, mitungi ya divai imeandikwa kwa wino mwaka wa utawala, shamba ilikotoka divai, na jina la msimamizi wa zabibu. Maandishi yale yalihusu divai yenyewe. Mihuri ya Yuda iligongwa kabla mtungi haujachomwa, kwa hiyo kabla haujatiwa hata tone. Haiwezi kuwa ushahidi wa mali iliyopokelewa, kwa kuwa ilipogongwa hakuna mali iliyokuwa imepokelewa.

Msomaji anaijua hali hii dukani kwake. Chupa ya soda ya kioo ina jina la kampuni lililochapwa kiwandani, na ukitaka kuondoka nayo unaweka pesa ya chupa. Jina lile linakwambia chupa ni ya nani na irudi wapi. Halikwambii nani ameinunua soda, wala kama imelipiwa ushuru. Kishikio cha LMLK nakisoma hivyohivyo kwanza: chombo hiki ni cha mfalme. Maneno mengine yote tunayoyaongeza juu yake yanahitaji ushahidi wa ziada.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa, nayo naona ndiyo dhaifu kuliko yote: kwamba muhuri wa mfalme ulikuwa dhamana ya ujazo, kama alama ya wakala wa vipimo kwenye mizani ya sokoni. Yanavutia kwa sababu yanampa mfalme sura ya mlinzi wa haki, na kwa sababu Lakishi ilipatikana kweli sehemu ya chombo iliyoandikwa “bathi ya mfalme”, bathi ikiwa ni kipimo cha vimiminika kinachojulikana katika Biblia. Tatizo ni kwamba mitungi imepimwa. Ile ya Lakishi iliyoungwa upya ikawa mizima ina ujazo unaoanzia lita 40 hivi na kufika karibu 52. Hakuna mfanyabiashara, wa enzi hizo wala wa leo, atakayekubali kipimo rasmi chenye tofauti ya lita 12. Wapo wanaoonyesha kwamba upana wa shingo za mitungi ya Yuda haukubadilika sana kwa muda mrefu, karibu sentimita 9, nao ni uchunguzi mzuri. Lakini shingo ikilingana inarahisisha kuziba na kupakia. Haifanyi matumbo yalingane. Zaidi ya hayo, mitungi mingi ya aina hiyohiyo haina muhuri kabisa, na mingine ina muhuri kwenye kishikio kimoja tu kati ya vinne. Dhamana ya vipimo inayowekwa huku na kuachwa kule si dhamana.

Hoja ya vita ina nguvu zaidi, na kwa muda mrefu nami niliiamini. Hezekia aliasi, alijua Ashuru itakuja, akajaza maghala ya miji yenye ngome. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinamsifu kwa kujenga maghala ya nafaka, divai na mafuta. Lakishi, uliozingirwa, ndio uliotoa vishikio vingi. Senakeribu mwenyewe alijivunia kuteka miji 46 yenye kuta, na akachongesha kuanguka kwa Lakishi kwenye kuta za jumba lake la Ninawi. Mawe hayo leo yako katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ukiyatazama, wale wakazi wakitoka na watoto na mikokoteni ya ng’ombe, ni vigumu kutoyahusisha na mitungi iliyopasukia nyuma yao.

Hata hivyo, vita vinaeleza kwa nini mitungi ilipasuka mahali fulani kwa siku moja. Havielezi kwa nini ilitengenezwa. Vishikio vimepatikana pia katika makazi ya mashambani yasiyo na ngome, mahali ambapo akiba ya kuzingirwa haina kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv wameonyesha kwamba baadhi ya aina za mihuri hazimo katika majivu ya mwaka 701 ila zinaonekana katika makazi yaliyochipuka baadaye, maana yake kazi ya kugonga muhuri iliendelea baada ya maafa. Na nyuma ya Hezekia kuna historia ndefu. Khirbet Qeiyafa, ngome iliyo juu ya Bonde la Ela, mwanzoni mwa karne ya 10 KK kwa mujibu wa wachimbaji wake, imetoa vishikio zaidi ya 600 vya mitungi vilivyobonyezwa kwa kidole udongo ukiwa mbichi. Si maandishi, ni dole gumba tu. Lakini wazo tayari lipo: baadhi ya mitungi iwekewe alama tangu kwa mfinyanzi, ili huko iendako ijulikane si ya kila mtu. Muhuri wa Hezekia ulikuja kama miaka 250 baadaye kuliandika kwa herufi jambo ambalo kidole kilikuwa kimelianza. Vita vya 701 vilikuta mtambo unafanya kazi, vikautumia.

Sasa tufike kwenye udongo, kwa kuwa hapo ndipo, kwa maoni yangu, jambo lenyewe lilipojificha. Katika miaka ya 1980 wanasayansi walipima madini yaliyomo katika vishikio kutoka sehemu mbalimbali, vyenye majina yote manne. Matokeo yalishangaza: udongo ni mmoja. Mitungi ya Hebroni, ya Zifu, ya Soko na ya MMST ilifinyangwa katika eneo moja la Shefela, yale mabonde ya chini kati ya milima ya Yuda na pwani. Hebroni na Zifu ziko milimani, mwendo wa kupanda. Kwa hiyo jina lililo kwenye mtungi si la mahali ulipotengenezwa. Mfinyanzi wa bondeni aligonga “Hebroni” juu ya chombo ambacho hakijawahi kufika Hebroni.

Fikiria hilo linadai nini. Kabla ya mavuno, mtu fulani alijua mwaka huu Hebroni itahitaji mitungi kiasi gani na Zifu kiasi gani. Akapeleka oda kwa wafinyanzi pamoja na mihuri. Mitungi mitupu ikapakiwa kwenye punda ikapandishwa milimani, ikajazwa, kisha ikashushwa au kusambazwa hadi Lakishi, Yerusalemu, Ramat Rahel na vituo vingine. Mipango ya namna hii haifanywi na mtoza kodi anayesubiri wanakijiji walete kila mmoja alichonacho katika chombo alichonacho. Hufanywa na mwenye shamba anayejua mizabibu yake. Ndiyo maana naungana na wale wanaosema majina manne ni ya maeneo ya mashamba ya mfalme au vituo vya kukusanyia mazao ya mashamba hayo. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinaorodhesha wasimamizi wa mali ya Daudi, mmoja wa mizabibu, Zabdi wa mazao ya mizabibu kwa ajili ya maghala ya divai, Yoashi wa akiba za mafuta. Kitabu hicho kiliandikwa karne nyingi baadaye na siwezi kukitumia kama shahidi wa enzi ya Daudi, lakini kinaonyesha kwamba watu wa Yuda walipomfikiria mfalme na uchumi wake, walimfikiria akiwa na watu wake mashambani na ghalani.

Pingamizi kubwa dhidi ya msimamo huu nalikubali: mashamba ya mfalme yalitoka wapi? Ardhi haishuki mbinguni. Baadhi yaweza kuwa ilitwaliwa, na wakulima waliobaki juu yake wakawa wanamlimia aliyewatwalia. Simulizi la shamba la mizabibu la Nabothi, aliyeuawa kwa sababu mfalme Ahabu alilitamani, linatukumbusha jinsi mstari kati ya shamba la mfalme na dhuluma ulivyoweza kuwa mwembamba. Kwa hiyo nisieleweke kwamba mfalme mwenye shamba alikuwa mpole kuliko mfalme mtoza kodi. Nasema tu kwamba nguvu zake zilipita njia nyingine, na tukiuita kila mtungi kodi hatutaiona njia hiyo kamwe.

Nje ya njia hiyo palikuwa na uchumi mwingine. Gibeoni, kaskazini mwa Yerusalemu, James Pritchard alichimbua vyumba 63 vilivyochongwa ardhini kwa umbo la chupa, ambavyo alivitambua kuwa vya kuhifadhia divai, pamoja na vishikio vilivyokwaruzwa jina la mji na majina ya watu. Wenyeji walitengeneza divai na kuiwekea alama zao wenyewe. Mihuri ya LMLK ipo Gibeoni pia. Mfalme alikuwa mzalishaji mkubwa kati ya wazalishaji, hakuwa peke yake. Na kwenye baadhi ya mitungi ya kifalme kuna mihuri ya watu binafsi kando ya ule wa mfalme, wanaodhaniwa kuwa maofisa waliowajibika kwa shehena. Alama ya mwenye mali na alama ya aliyekabidhiwa, juu ya chombo kimoja. Mtunza bohari yeyote anaelewa kwa nini zote mbili zinahitajika.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni umri wa desturi hii. Mwishoni mwa karne ya 7 KK muhuri ulikuwa ua, rozeti, bila maandishi. Mwaka 586 KK Wababeli waliichoma Yerusalemu na ufalme ukakoma. Mfalme hakuwapo tena wa kuandikiwa “ya mfalme”. Mitungi ikaendelea kugongwa mihuri: simba katika karne ya 6, kisha, chini ya Waajemi, jina la jimbo, Yehud. Ramat Rahel pekee, kilima kilicho kusini mwa Yerusalemu, kimetoa mihuri ya Yehud zaidi ya 300. Desturi hii ilifika hadi karne ya 2 KK. Ni kama miaka 600, chini ya mabwana wa Ashuru, Babeli, Uajemi na Wagiriki, na mahali ni palepale, aina ya chombo ni ileile kwa sehemu kubwa, mashamba bila shaka mengi ni yaleyale. Kama mitungi ingekuwa hatua ya dharura ya Hezekia ingekufa naye. Iliyodumu ni mizabibu, barabara za punda, wafinyanzi na ghala, na aliyekalia Yerusalemu au aliyetumwa kutoka mbali alivirithi akabadilisha tu muhuri.

Hapa turudi kwenye kile kigae cha mwaka 2025. Ashuru haikudai divai ya Hebroni. Kitabu cha Wafalme kinasema Hezekia alitozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Maandishi ya Senakeribu yanasema dhahabu talanta 30 vilevile, lakini fedha 800. Mtungi wa LMLK haubebi fedha, na Yuda haina machimbo ya fedha. Swali ambalo wanahistoria wa uchumi wangepaswa kulihangaikia ni jinsi divai na mafuta vilivyogeuka fedha: viliuzwa wapi, vililisha jeshi gani na watumishi gani ili fedha iliyopo isitumike kwao, na wafanyabiashara gani walipita kati. Vishikio vya LMLK nje ya Yuda ni vichache sana, kwa hiyo jibu la kwamba mitungi yenyewe ilisafirishwa kuuzwa haliridhishi. Inaelekea zaidi divai ile ililipa mishahara na posho za watu wa mfalme, kama barua za Aradi, ngome ya kusini mwa Yuda, za karibu mwaka 600 KK zinavyoonyesha: ofisa aitwaye Eliashibu anaamriwa kuwapa askari divai na unga, na mwingine anaamriwa achukue mafuta, ayatie muhuri wake, ayapeleke upesi. Ulinzi wa mipaka uliendeshwa kwa bathi za divai.

Nyingine iliishia ikulu. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mabaki yaliyonyonywa na kuta za mitungi iliyopasuka Yerusalemu katika moto wa mwaka 586 KK, mingine ikiwa na muhuri wa rozeti. Ilikuwa na divai, na ndani ya divai vanila. Vanila haioti Yuda wala karibu yake. Watafiti waliihusisha na njia za biashara za kusini, zilizopitia jangwa la Negevi na kuungana na Arabuni. Kwa hiyo katika mji uliokuwa umezingirwa, wakati Maandiko yanasema njaa ilizidi hata watu wakakosa chakula, maghala ya wakubwa bado yalikuwa na divai ya vanila katika mitungi ya kifalme. Na vishikio vya mitungi hiyo, kama vile vya Lakishi na vya Arnona, vilipitia mikononi mwa mfinyanzi ambaye hakuandika jina lake popote. Alibonyeza muhuri aliopewa, na kwenye ukingo wa udongo mara nyingine umebaki mkwaruzo wa kidole chake.